Jani Nililolitia Meno

Tarime, Jumamosi alasiri

Mwanangu Bhoke,

Mama yako ameshakuambia ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi. Sitayarudia. Nina jambo moja tu. Nimekaa nalo zaidi ya miaka ishirini, na tangu Jumanne sina tena pa kuliweka.

Jumanne uliingia kwenye kibanda changu cha kazi umeshika karatasi kwa ncha za vidole, wino bado mbichi. Ukaiweka mezani mbele yangu ukasema, "Tata, huu ndio mchoro walionitaka niende nao siku ya kwanza ya kazi. Niangalizie kama kuna kosa." Nikainama. Ulikuwa mnanaha, ule mmea wa sumu. Na siyo mnanaha mkubwa wenye ua jeupe kama tarumbeta, ambao kila mtu anautambua na kuupita mbali. Ulikuwa mche mchanga, majani manne, mizizi yake imeoshwa udongo, na pembeni jani moja umelilaza peke yake na meno yake yote, moja moja, kama lilivyo.

Nikasimama. Nikatoka nje, nikaenda kusimama nyuma ya choo. Nikakusikia ukimwambia mama yako, "Hajaupenda."

Niliupenda, Bhoke. Sijaona kosa hata moja, na nimerudi kuutazama mara nne ukiwa hupo. Kilichonishtua ni kwamba kati ya mimea yote ya nchi hii, wewe, bila kuambiwa na mtu, umeokota huo. Niliduwaa, na mpaka sasa ninapoandika bado sijarudi sawasawa.

Unajua kwamba ulipokuwa na miaka minne uliugua, malaria ikapanda kichwani, ukalazwa zahanati siku tatu. Hivyo ndivyo tulivyokuambia. Haikuwa malaria.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Ringwani, kwenye mji wa babu yako. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha sanaa na najiona mkubwa. Nilichora simba, nilichora vijana wa Kikurya na mikuki yao, nyuma yao jua jekundu kama damu, nikapeleka kwenye lango la hifadhi wageni wakanunua. Hakuna aliyewahi kuniuliza simba ana makucha mangapi. Nilijua kitu kimoja tu, kupendezesha macho ya mtu, na nilikijua vizuri.

Akaja mama mmoja mtafiti wa mimea. Watu wa Ringwani walimwita Mama Majani, na ndilo jina nitakalolitumia. Alitaka bango la kutundikwa ofisi ya kijiji, la mboga za porini zinazolika na mimea ya sumu inayofanana nazo, kwa kuwa mvua zilikuwa zimechelewa na watu walikuwa wanachuma chochote. Akaniletea miche mikavu imebanwa kwenye magazeti. Akasema, "Chora ukiwa umeishika mkononi. Na mnanaha nichoree ukiwa mchanga, maana ukikua hakuna anayekosea."

Nikaitikia. Magazeti yale sikuyafungua.

Kwani mnavu, mboga inayofanana na mnanaha mchanga, nilikuwa siujui? Nimekula mnavu tangu sijaota meno. Nikauchora kutoka kichwani. Jani lake likatoka jepesi mno, la mviringo, halina nguvu kwenye karatasi, basi nikalipanua, nikalitia meno makubwa pembeni ili lishike macho ya mtu akiwa mbali. Mnanaha nikauchora umekomaa, na ua lake na lile tunda la miiba, kwa sababu ule mchanga haukuwa na uzuri wowote. Nikamaliza kwa siku mbili. Mama Majani alipolitazama alisema, "Ni zuri sana." Akaniuliza, "Uliishika?" Nikasema ndiyo. Akachukua mchoro mdogo wa mfano niliokuwa nimeanza nao akaufungia kwenye faili lake, na ule mkubwa tukaupigilia ukutani ofisini kwa misumari minne. Watu walikuja kuutazama. Nilikuwa nasimama pale pembeni kusikia wakiusifu.

Shangazi yako Robhi alikuwa amerudi nyumbani mwaka huo. Unamjua, ni dada yangu mkubwa. Aliolewa Musoma akiwa binti mdogo, akakaa huko, hakupata mtoto, mume akafa, akarudi. Ni yeye aliyekulea wakati mama yako yuko shambani. Ulikuwa unalala mgongoni kwake mpaka umekuwa mzito.

Mvua ziliponyesha, kila kitu kikachipua kwa wiki moja. Siku hiyo Robhi akachuma mboga nyuma ya zizi, akapika, akakupa na ugali mchana. Yeye mwenyewe hakula, tumbo lilikuwa linamuuma. Mimi na mama yako tulikuwa mnadani. Tuliporudi, jua halijazama, tulikukuta uani unacheka. Unacheka peke yako, unaokota vitu hewani kwa vidole viwili, unaviweka kwenye kiganja.

"Bhoke, unaokota nini?"

"Ndege," ukasema. "Wengi."

Mama yako akakushika shavu akaliachia kama ameshika sufuria ya moto. Ulikuwa mkavu na wa moto, huna hata tone la jasho. Akakugeuza uso uelekee mwanga akapiga ukelele. "Marwa! Macho yamekuwa meusi yote!" Nikatazama. Ile duara ya kahawia haikuwepo. Ulikuwa unanitazama kwa matundu mawili meusi na hunijui. Ukaniita jina la mtu mwingine.

Nimechora macho maelfu, mwanangu. Yale sijawahi kuyachora wala sitayachora.

Tulikukimbiza zahanati kwa baiskeli. Tabibu alikutazama akatuuliza swali moja tu, "Amekula nini?" Tukasema mboga, mnavu. Akasema, "Kukikucha, nileteeni mabaki."

Asubuhi nikarudi nyumbani peke yangu. Palikuwa na mizizi na vishina Robhi alivyotupa kando ya jiko. Nikaokota kimoja kikiwa na jani moja limesinyaa, nikalifikicha, nikanusa. Ule uvundo unaujua, umeunusa wiki hii. Nikajua ni mnanaha. Nikashika njia ya zahanati mbio, na njia inapita ofisi ya kijiji, na mlango ulikuwa wazi. Sijui kilichonigeuza kichwa. Bango langu lilikuwa pale ukutani, na kwenye nafasi ya mnavu, kwa rangi nzuri ya kijani, nikaona jani lile lile nililolishika mkononi. Meno yale yale.

Nilisimama pale, Bhoke, na sikusikia chochote. Mtu alikuwa ananisalimia, naona mdomo wake unacheza, sauti haiji.

Alipoondoka nikaling'oa bango. Nikalikunja, nikalitia ndani ya shati. Tabibu nikampa kile kishina na nikamwambia ni mnanaha, akasema afadhali umejua mapema, akajua la kufanya. Siku ya tatu ukamtambua mama yako, ukaomba uji. Bango nililitupa kwenye shimo la choo.

Mtu akisikia mpaka hapo atasema, basi, alikosea, mtoto akapona. Mimi pia nilijaribu kuishia hapo. Lakini wewe ni lazima ujue yaliyofuata, maana kosa la mkono wangu ndilo lililokuwa dogo.

Watu walianza kusema. Kwamba Robhi alipika na hakuonja hata kijiko. Kwamba hana mtoto, na mtoto wa kaka yake alikuwa ananawiri. Ringwani si mahali pa kuacha neno kama hilo lizunguke. Baba mdogo wangu, aliyekuwa mkubwa wa ukoo, akaita watu wa mji, tukaketi uani baada ya kukamua.

Akamuuliza, "Mboga ulipika wewe?"

"Nilipika mimi."

"Ukala?"

"Sikula. Tumbo lilikuwa linauma."

"Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo, baba."

"Kwa hiyo hukujua ulichokichuma, wewe mtu mzima?"

Robhi alinyanyua macho akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu, mpaka watu wengine nao wakaanza kunitazama. Mzee akasema, "Kuna mwenye neno?" Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa na tope la zizini, nakumbuka nilianza kulikwangua kwa kijiti.

Kesho yake asubuhi Robhi alifunga vitu vyake kwenye kanga, akaondoka kwenda Kenyamonta kwa wajomba zetu. Hakuna aliyemfukuza kwa mdomo. Alipopita mlangoni kwangu aliniaga kama siku zote, "Haya, Marwa." Wewe ulilia ukimfuata mpaka njia panda, mama yako akakurudisha.

Nilijiambia nitasema kesho. Kisha nikajiambia nitasema baada ya mavuno. Ukweli ukikaa ndani ya mtu haunyamazi. Nilikuwa nakaa na watu nacheka, halafu ghafla naona yale meno ya jani, kicheko kinakatika katikati. Penseli niliiacha. Nikawa nalima tu, nikiulizwa nasema sanaa hailipi.

Mwaka ulipita na zaidi, ndipo Mama Majani akarudi. Alinikuta napalilia mtama. Alikuwa na furaha, faili liko kwapani.

"Marwa, lile bango lako limependwa. Tunataka tuchapishe nakala, vijiji vyote vya huku vipate."

Jembe likanitoka mkononi.

"Usilichapishe."

"Kwa nini?"

"Jani la mnavu ni la uongo."

Akatoa ule mchoro mdogo. Akavaa miwani. Akautazama, akautazama tena, na nikaona uso wake unabadilika rangi polepole. "Nilikupa miche mikavu," akasema.

"Sikuifungua."

"Uliniambia uliishika."

"Nilikudanganya."

Akakaa chini pale pale, kwenye tuta, na gauni lake zuri. "Na mimi nililipitisha," akasema. "Mimi, na shule yangu yote. Niliona ni zuri, nikalipitisha." Kisha, bila kunitazama, "Kuna aliyeumia?"

"Mtoto wangu. Alipona."

"Nani alipika?"

Hapo nikamsimulia ya dada yangu.

Nilikwenda Kenyamonta kesho yake. Robhi alikuwa kwenye shamba la mihogo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaendelea kulima. Nikaongea nikiwa nimesimama kwenye mpaka wa shamba, nikamweleza yote, jani, bango, choo. Jembe lake halikusimama hata mara moja. Nilipomaliza akasema:

"Nilijua."

"Ulijua nini, dada?"

"Siku ile nilipochuma, mkono wangu ulisita. Nikasema, mbona jani hili kubwa? Lakini nikakumbuka picha yako. Nikasema Marwa amesoma, labda ndiyo mboga hizi za siku hizi. Mtoto alipolazwa, mchana nikaenda ofisini kuitazama tena, nijue kama macho yangu yamenidanganya. Nikakuta misumari minne, picha hakuna." Akang'oa jani la mhogo akalitupa. "Nikasema, haya, Marwa ameshaona. Atasema."

Nikainama, nikaanza kung'oa magugu miguuni pangu.

"Pale uani nilikungoja," akasema. "Nilikungoja mpaka mzee alipovaa viatu."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Leo hapana. Lakini njoo tena." Nikaenda tena. Nimeenda mara nyingi, na hajawahi kuniambia kwamba yamekwisha, wala sijamuuliza. Anapika, tunakula, ananiuliza habari zako.

Nilirudi Ringwani nikamwambia mama yako kwanza. Hakupiga kelele. Alikuchukua akaenda nawe kwao, akakaa huko mpaka mtama ukavunwa. Aliporudi aliniambia neno moja tu, kwamba siku nitakayomwambia mtoto ndiyo siku yeye atakayojua kwamba nimemaliza. Kisha nikaomba watu wa ukoo wakae tena, nikasimama uani pale pale nikasema. Baba mdogo akauliza, "Karatasi inaweza kumlewesha mtoto?" Wengine wakacheka. Wengine wakasema namfichia dada yangu aibu. Wachache waliniamini, na miongoni mwao wawili walikwenda Kenyamonta kumwomba arudi. Alikataa. Ndiyo maana kila likizo ulikuwa unampelekea zawadi huko, na ndiyo maana ulipouliza kwa nini shangazi haji Ringwani hata kwenye msiba, nilikujibu ana maumivu ya miguu. Hana maumivu ya miguu, Bhoke. Ana kumbukumbu. Nasi tukahamia hapa Tarime.

Mama Majani hakuniacha. Alikuja na mikebe miwili, mmoja una mnavu, mwingine una mnanaha, yote michanga, iko hai. Akaniwekea kioo cha kukuzia na rula. Akasema, "Hesabu." Sikuelewa. "Meno, mishipa, vinyweleo. Hesabu kwanza, penseli baadaye." Nilitumia siku kumi na moja kwa jani moja. Siku ya tano niliona jani limetobolewa na mdudu, nikataka kuliziba kwenye mchoro. Akaniambia, "Ukitaka kushona, nenda ukawe fundi nguo." Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii unayoiona, ya majani na mbegu na mapembe ya mende. Sikuichagua. Niliingia kama mtu anayerudi kuzima moto aliouwasha mwenyewe.

Wewe umeipenda. Uliporudi kutoka chuo na zile picha zako kubwa zilizojaa rangi, watu wa Mwanza wakaja kuzitazama na kupiga makofi, nikasema huyu ndiye mwenye sanaa. Kisha mwaka huu ukaniambia, "Tata, nimechoka kuulizwa picha yangu inamaanisha nini. Nataka nichore kitu kiwe chenyewe." Nilishtuka. Nilitaka kukukataza, na nusura nikukataze, na sikuwa na sababu ya kukupa isipokuwa hii ninayoandika.

Sitakufundisha kuchora. Mkono wako umeshanipita. Nitakuambia tu mahali nilipoangukia. Sikukosea kitu kigeni, nilikosea mboga niliyolelewa nayo. Ukipewa mmea usiojulikana utautazama mpaka macho yaume. Watakapokupa kitu unachokijua kama jina lako, hapo ndipo nilipoanguka mimi. Na kile ambacho sijakiona nimejifunza kukiacha cheupe. Nina michoro yenye tunda nusu, kwa kuwa niliona nusu tu, na watu huniuliza lini nitaimalizia.

Usizionee aibu zile picha kubwa. Jicho lililochagua zile rangi ndilo lililoona kwamba jani la mnanaha halikai sawa kwenye kikonyo, upande mmoja unatangulia kushuka. Mimi nililiona hilo siku ya tisa. Wewe umelichora kama mtu anayeandika jina lake.

Kuna siku utakosea. Sisemi hivyo kukutisha. Nitakachokuomba ni kwamba siku hiyo kukiwa na mtu uani anakutazama, usitazame viatu.

Umekula sumu kwa mkono wangu, mwanangu, na mtu aliyekubeba mgongoni akalipa. Una haki ya kukasirika, tena kwa muda wowote utakaotaka. Una haki ya kwenda huko uendako bila kunipigia simu. Wiki iliyopita nilipita Kenyamonta kumwambia shangazi yako kwamba umepata kazi. Alifurahi, kisha akaniuliza, "Anajua?" Nikanyamaza. Akasema, "Bado unanyamaza, Marwa."

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii na kuitia kwenye begi lako chini ya nguo, uikute ukishafika. Hata bahasha nimeshanunua. Lakini nimeitazama ile bahasha, nikaona ni mimi yule yule, nataka kusema nikiwa mbali, mahali ambapo uso wako hauwezi kunifikia. Nimeitupa jikoni.

Uko uani, nakuona kupitia dirisha, unafuta viatu vyako vya safari na mama yako anakucheka kwa jambo fulani. Bado kuna mwanga wa kutosha kusoma. Nimesogeza kiti changu, nimeweka cha pili mbele yake. Nikishaandika mstari huu nitakuita, utakaa, utasoma yote mbele yangu, na ukinyanyua macho nitakuwa nakutazama.

Baba yako,
Marwa